Ratiba ya Mashua za Amu: Shajara ya Kujenga Tovuti ya Kusomwa na Kusikilizwa

Kazi yenyewe ni hii: kuitoa ratiba ya boti za Mokowe na mashua za kisiwa cha Pate kwenye picha zinazozungushwa WhatsApp, na kuiweka kwenye tovuti ambayo mtu yeyote ataweza kuitumia, awe anaona, haoni, anaona kwa taabu, au ana mkono mmoja tu wa kushikia simu kwa sababu wa pili umebeba mtoto. Mimi ni wa Langoni, mjini Amu (Lamu). Utengenezaji wa tovuti nimejifunza mwenyewe, kwa mafunzo ya bure ya mtandaoni na kwa kufungua kodi za tovuti za watu kuona zilivyofumwa. Naiweka shajara hii wazi ili mwenzangu wa Malindi, Kipini au Vanga mwenye kazi kama hii aichukue na kuiendeleza. Hatua za kawaida nimezipita mbio. Palipokwama ndipo nilipoeleza kwa urefu.

14 Januari 2025: Hali tuliyoikuta

Karani wa wenye mashua huandika ratiba kwa kalamu, akaipiga picha, akaituma kwenye makundi. Picha hupokezanwa mpaka haijulikani ni ya leo au ya juzi. Kwa anayetumia programu ya kusoma skrini, picha ile haina hata neno moja: simu humwambia kuna picha, basi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mkomani, ambaye macho yalimpotea ukubwani, ameniambia kila akitaka kwenda Faza kwa dada yake humtuma mtoto jeti akaulize. Mtoto hurudi na jibu la yeyote aliyemkuta.

Kipimo tunachokifuata ni WCAG, mwongozo wa W3C, shirika la kuweka viwango vya mtandao, wa kuzifanya tovuti zifikike na watu wenye ulemavu. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Lina madaraja matatu, A, AA na AAA, na sisi tunalenga AA. Kenya nayo ina kiwango chake cha vifaa na huduma za teknolojia, KS 2952 cha mwaka 2022. Na juu ya vyote, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, usafiri wa umma na habari. Ratiba ya mashua ni usafiri na ni habari kwa pamoja, kwa hiyo hapa hatumfanyii mtu hisani.

Vifaa: laptopu yangu kuukuu, simu moja ya Android ya mtumba niliyoinunua kwa ajili ya majaribio tu, na programu mbili za kusoma skrini. TalkBack imo tayari ndani ya simu nyingi za Android. NVDA ya kompyuta ya Windows ni ya bure. Aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye mwenyewe haoni. Asiye na fedha za programu za bei kubwa asiseme hana pa kuanzia.

26 Januari: Kiolezo tumekiweka kando

Nilianza na kiolezo cha bure, kizuri kwa macho, chenye picha kubwa ya bahari juu. Nilipozima skrini na kukisikiliza kwa NVDA, mambo manne yakajitokeza.

La kwanza ni lugha. Mstari wa juu kabisa wa kiolezo ulisema lang="en". Programu ikaamini, ikayasoma maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza. "Ratiba ya leo" ikatoka kama jina la dawa, na Kizingitini sikuitambua kabisa. Nilibadilisha herufi mbili tu, ikawa lang="sw", na eSpeak NG, sauti inayokuja na NVDA, ikahamia Kiswahili yenyewe. Sauti yake haina ladha ya mtu, lakini inatamka. WCAG inaliweka sharti hili kwenye daraja A, la chini kabisa, na bado nimezikuta tovuti nyingi za Kiswahili zimeandikwa "en" kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo.

Kwenye simu kuna jambo la ziada. Sauti ya Kiswahili ya Google ipo, ila mwenye simu lazima aipakue mwenyewe kwenye mipangilio. Tovuti haiwezi kumfanyia. Nimeandika ukurasa mfupi wa maelekezo, na nimekaa na Mwalimu tukaiweka kwenye simu yake kwa bando langu.

La pili, kiolezo kilikuwa na mstari wa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, unaosema outline: none, unaofuta ule mstari wa kuzunguka unaoonyesha uko wapi unapotembea kwa kibodi. Mtu asiyeweza kutumia kipanya akiingia kwenye ukurasa kama huo ni sawa na kutembea Mkomani usiku umeme umekatika. Nimeufuta na kuweka mstari mnene wa rangi nyeusi kwa :focus-visible.

La tatu, menyu yote ilijengwa kwa div, visanduku vitupu visivyojieleza ni kitu gani, vinavyoendeshwa na kodi ya JavaScript. Kwa kidole inafunguka. Kwa kibodi haifikiki, na kwa TalkBack haikutajwa kuwa ni kitu cha kubonyezwa. La nne ni uzito: zaidi ya megabaiti mbili, nyingi zikiwa ni ile picha ya bahari ambayo sisi tunaiona kila siku bure.

Kukitengeneza kiolezo kile kulinichosha kuliko kuandika upya, kwa hiyo nimeandika upya kwa mkono, kwa tagi za HTML, yaani alama zinazoutaja kila kipande cha ukurasa: header, nav, main, footer, kichwa kimoja cha h1, vichwa vya h2 kwa kila njia ya bahari. Viungo ni viungo, vitufe ni button za kweli. Namba ya simu ya karani ni kiungo cha tel, ukiigusa simu inapiga. Ukurasa wa kwanza sasa una uzito chini ya kilobaiti 40.

9 Februari: Jedwali

Ratiba ni jedwali, na jedwali lina tagi zake tangu zamani: table, caption ya kulipa jina, th za vichwa zenye scope="col" au scope="row". Zikiwekwa sawasawa, msikilizaji akifika kwenye kijisanduku huambiwa kiko chini ya kichwa gani. Bila hizo husikia mlolongo wa nyakati zisizo na mwenyewe.

Jedwali la kwanza lilikuwa moja kubwa: vituo vyote chini, siku zote juu. Kwenye laptopu lilipendeza. Kwenye simu ya upana wa pikseli 360 lilitoka nje ya skrini, ukawa unalivuta kulia na kushoto. Nikatumia ujanja unaofundishwa sana mtandaoni: kuzigeuza safu kwa CSS, display: block, kila safu ikawa kadi yake. Machoni likakaa vizuri. Masikioni likafa. Ukibadilisha display ya tagi za jedwali, vivinjari kadhaa huacha kuliona kuwa ni jedwali. Zile th na scope zote zinabaki kwenye kodi bila kazi. Hakuna kipimo cha moja kwa moja kilichonionya. Nilijua kwa kusikiliza tu, maana NVDA iliacha kutaja vichwa.

Suluhisho halikuwa la CSS. Nimelivunja jedwali kubwa kuwa madogo, moja kwa kila njia: Mokowe na Amu, Amu na Shela, Amu na Mtangawanda, Amu na Faza, Amu na Kizingitini. Kila moja lina safu wima tatu: inaondoka, inafika, maelezo. Linaenea kwenye skrini ndogo bila ujanja wowote, na mtu wa Faza halazimiki kuisikiliza Shela yote kwanza. Nalipenda kuliko la mwanzo hata kwa macho.

Kwenye fomu ya kuchagua kituo kulikuwa na kosa lililojificha. Ukibonyeza neno Siyu, alama inakwenda Faza. Kikagua-kodi cha W3C kilionyesha sababu mara moja: vidude viwili vilikuwa na id (jina la utambulisho) moja, kwa sababu ya kunakili na kubandika, na lebo humfuata wa kwanza mwenye id hiyo. Toleo la 2.2 la WCAG liliondoa lile sharti la 4.1.1 lililohusu usafi wa kodi, na kuna wanaodhani basi kukagua HTML hakuna haja tena. Haja ipo. Abiria wa Siyu angepelekwa Faza.

23 Februari: Saa

Hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito, na sikupata mafunzo popote yaliyoizungumzia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Karani kwenye karatasi huandika 1.00 akimaanisha saa moja asubuhi. Mimi nikaandika 07:00, nikiona ndiyo njia isiyo na utata. Nikampelekea Mwalimu simu na kumwomba atafute boti ya kwanza ya Mokowe. Akatelezesha kidole, akasikiliza, akarudi nyuma, akasikiliza tena.

"Mwanangu, boti ya kwanza ni saa saba? Hao watu wa basi la alfajiri waende na nini?"

Sauti ilisoma saba, naye akasikia saba, kama mtu yeyote wa hapa angesikia. Anayeona hukiona kile kisifuri cha mbele na akakumbuka kugeuza. Anayesikiliza hana muda huo. Neno likishapita limepita.

Nikajaribu kuandika zote mbili pamoja, 1:00 kisha mkwaju kisha 7:00. Mbaya zaidi. Sauti iliziunganisha, ikawa moja saba, na kwenye jedwali lenye nyakati nyingi ikawa fujo tupu.

Tulichokubaliana na Mwalimu na karani ni kuandika kwa maneno, kama watu wanavyosema: saa moja asubuhi, saa nane na nusu mchana, saa kumi na moja kasorobo alasiri. Ndani ya kodi kila wakati umefungwa kwa tagi ya time yenye datetime="07:00", ambayo haisomwi kwa sauti lakini programu nyingine zinaielewa. Wageni wana ukurasa wao wa Kiingereza, wenye lang="en" na saa za kwao. Hakuna ukurasa unaochanganya saa za aina mbili.

Kugeuza nimeandika kodi ndogo, inayofanya kazi kwenye seva wakati karani anahifadhi ratiba, si kwenye simu ya abiria, ili hata simu isiyopokea JavaScript ipate maneno kamili. Kanuni ni kutoa sita, kila mtu anaijua, lakini kompyuta haijui kwamba hatuna saa sifuri. Boti ya 06:00 ikatoka "saa sifuri asubuhi". Jibu likiwa sifuri lazima liwe kumi na mbili. Kosa la pili lilikuwa kwenye kasorobo: 06:45 ilitoka "saa kumi na mbili kasorobo" ilhali ni saa moja kasorobo. Dakika zikiwa 45, saa isogee mbele kwanza ndipo neno liongezwe. Ukinakili kodi hii, ijaribu kwa 05:45, 06:00, 06:45, 12:00, 18:00 na 18:30 kabla hujaiamini.

Sehemu za siku nazo tumeziwekea mipaka kwa kukubaliana, kwa sababu kuna saa kumi ya alfajiri na saa kumi ya alasiri, na mashua za Faza hutumia zote mbili. Na kwa usiku, ratiba inasema "usiku wa kuamkia Ijumaa", kamwe si "Ijumaa usiku". Kwetu siku huanza jua likizama, na wageni wa bara huhesabu vinginevyo. Maneno hayo hayamchanganyi yeyote kati yao.

16 Machi: Ramadhani, bamvua na tangazo lisilosikika

Tovuti imefunguliwa kwa watu. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 14, kwa hiyo tuko kwenye bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na ndio wakati mgumu kuliko wote kwa ratiba za Pate. Mashua za huko hupita Mkanda, kati ya Manda na bara, na Mkanda una kina kifupi. Maji yakipwa, mashua iliyopakia haipiti. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha kila siku husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Ratiba isiyobadilika haiwezi kusema kweli.

Nilikuwa nimeandika kodi ya kukadiria saa ya kuondoka kutokana na jedwali la maji. Nahodha mmoja mzee aliitazama, akaniuliza kodi hiyo inajuaje mzigo wa saruji uliopakiwa, au upepo wa siku hiyo. Nimeiondoa. Karani huongea na manahodha kila jioni na kuingiza saa za kesho kwenye fomu, kwa simu yake. Nahodha ndiye anayesema. Tovuti kazi yake ni kufikisha maneno yake.

Mabadiliko ya ghafla yana sehemu yake juu ya ukurasa: "Mashua ya Kizingitini imeahirishwa hadi maji ya alasiri." Ukurasa ukiwa wazi, tangazo jipya hujileta lenyewe. Anayeona analiona likitokea. Mwalimu alikuwa ameufungua ukurasa huohuo, tangazo likaingia, simu yake ikanyamaza kimya. Nilikuwa nimeweka role="status", alama ya kuiambia programu isome kinachobadilika hapo, kama mwongozo unavyoelekeza, lakini kodi yangu ilikuwa inakitengeneza kile kisanduku pamoja na maneno yake kwa mpigo mmoja. Programu ya kusoma skrini huvisikiliza visanduku vilivyokuwepo tangu mwanzo. Kikizaliwa na maneno ndani, mara nyingi haitaji kitu. Sasa kisanduku kipo tangu ukurasa unapofunguka, kitupu, na maneno huingizwa ndani baadaye. Yanasikika kila mara.

Nilipata tamaa ya kutumia role="alert", inayokatiza chochote kinachosomwa. Tulijaribu, na mtu aliyekuwa katikati ya kusikiliza saa za Faza akakatizwa na habari za Shela. Alert tumeibakizia jambo moja tu: safari kufutwa kwa sababu ya hali ya bahari.

Salamu za Ramadhani karani alitaka ziandikwe kwa herufi za Kiarabu juu ya ukurasa, na aliniletea picha yake. Nimeziandika kama maandishi ya kweli, zikiwa na lang="ar" na dir="rtl". Bila dir kuzifunga, nukta na tarehe iliyofuata zilihamia upande usio wao. Zikifungwa zinatulia, na mwenye sauti ya Kiarabu kwenye simu huzisikia kwa matamshi yake.

12 Aprili: Rangi juani

Wenye mashua walitaka rangi ya chungwa, ile ya jaketi za kujiokoa, na maandishi meupe juu yake. Sikubishana kwa maneno. WCAG inataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeupe juu ya chungwa lenye namba ya rangi #FFA500 inapata 1.97. Nyeusi juu ya chungwa hilohilo inapata zaidi ya 10. Nimewatengenezea vitufe viwili, tukatoka nje hadi ukingoni jua la saa saba likiwa kichwani, nikampa simu kila mmoja. Cheupe hakuna aliyeweza kukisoma bila kuifunika simu kwa mkono. Chungwa limebaki, maandishi ni meusi, na wote wameridhika.

Palepale ukingoni nikagundua kwamba kijivu nilichokitumia kwa safu ya maelezo, #777777, kina uwiano wa 4.48. Kimekosa kwa unyoya. #767676 hupita kwa 4.54, na jicho halitofautishi moja na lingine. Ningeweza kusogeza hatua moja nikapata alama ya kupita. Lakini juani hata hicho kilichopita hakisomeki na mzee wa miaka sabini. Nimeweka #333333, uwiano wa zaidi ya 12. Kipimo cha AA kimewekwa kama sakafu, na watu wetu husoma simu nje, mchana, juu ya chombo kinachoyumba.

Kwa sababu hiyohiyo ya kuyumba, vitufe ni vya pikseli 48 kwa 48. Toleo la 2.2 linaridhika na 24.

Siku hiyohiyo kijana mmoja kiziwi, fundi wa kupaka mashua, aliniandikia kwenye simu yangu swali ambalo limenibadilishia mpango: akitaka kuuliza nafasi anampigiaje karani? Njia pekee ya mawasiliano niliyoiweka ilikuwa kupiga simu. Nimeongeza kiungo cha sms na cha WhatsApp kando ya namba, na karani amekubali kuyajibu maandishi kama anavyojibu simu. Ukaguzi wote wa kompyuta ulikuwa umenipa alama kamili hadi wakati huo.

10 Mei: Kusi, na ratiba ya jana

Mvua na kusi vimeingia, safari zinabadilika mara kwa mara, na mtandao visiwani unakatika. Niliweka service worker, kodi inayohifadhi nakala ya ukurasa ndani ya simu ili usomeke bila mtandao. Niliipanga itoe nakala iliyohifadhiwa kwanza kwa sababu ni ya haraka. Matokeo yake, mama mmoja wa Siyu alifika Mtangawanda na mzigo wa embe akitegemea saa ya jana, kumbe mashua ilishaondoka. Ratiba iliyopitwa na wakati ina madhara kuliko kutokuwa na ratiba, kwa sababu mtu huiamini.

Nimegeuza mpango. Simu hutafuta mtandao kwanza. Ikikosa kwa sekunde chache ndipo hutoa nakala. Na nakala hiyo haitoki bila maneno haya juu kabisa, kabla ya jedwali, ili msikilizaji ayapate mwanzo: "Huna mtandao. Hii ni ratiba iliyohifadhiwa" ikifuatwa na siku na saa. Nakala ya zaidi ya siku moja haionyeshi saa za Pate kabisa. Inaonyesha namba ya karani tu. Yule mama tulimrudishia nauli ya siku ile kutoka kwenye mfuko wa mradi, na ndiye aliyeijaribu tovuti upya na kuniambia maneno ya onyo yawe mafupi kuliko nilivyoyaandika.

31 Mei: Gharama, na yaliyobaki

Jina la tovuti la .ke ni shilingi elfu moja na kitu kwa mwaka. Seva ndogo ni elfu tatu kwa mwaka. Simu ya mtumba ilikuwa elfu nne na mia tano, na imejilipa, kwa sababu simu yangu mwenyewe ina nguvu na ingenificha mambo. Bando zimekula fedha nyingi kuliko nilivyotarajia, kama elfu mbili kwa mwezi. Programu zote zilikuwa za bure.

Fungu kubwa kuliko yote limekwenda kwa waliojaribu: Mwalimu, yule fundi, karani, manahodha wawili, na mama wa Siyu. Kila kikao nimemlipa mtu shilingi elfu moja na nauli yake. Wenye mashua waliuliza kwa nini nawalipa watu kwa kubonyeza simu. Niliwaambia fundi wa injini naye hulipwa kwa kuisikiliza injini. Ukiiga mradi huu, weka fungu hilo kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla ya jina la tovuti.

Yaliyobaki: video fupi za Lugha ya Ishara ya Kenya zinazoeleza jinsi ya kuweka nafasi, ambazo yule fundi amekubali kuzirekodi mvua zikipungua. Ratiba za Kiwayu na Ndau, ambazo manahodha wake bado hawajakaa na karani. Na wenye simu za mulika mwizi, ambao tovuti haiwafikii. Kwa hao tunapiga hesabu ya gharama za kuwatumia ratiba kwa ujumbe mfupi kila jioni. Maandishi ya ujumbe huo yatatoka kwenye kodi ileile ya kugeuza saa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko tayari.

Mwalimu alikwenda Faza wiki iliyopita kwa mashua ya saa tisa na nusu alasiri, saa aliyoisikiliza mwenyewe nyumbani. Aliporudi alinipa orodha ya mambo matatu ya kurekebisha. La kwanza ni kwamba safu ya maelezo isomwe kabla ya saa ya kufika, kwa sababu ndiyo inayotaja mashua itatia nanga jeti gani. Naanza na hilo kesho.